Mtoto wa Langoni kwenye chuo cha maaskofu

Barua iliingia kwenye simu ya mpwa wangu kabla ya magharibi, huku Langoni, mtaa wetu wa Lamu. Mamake alikuwa jikoni anakaanga mahamri, mimi nimepita tu kuwaletea samaki, changu wawili watatu niliowapata sokoni, na mtoto akapiga kelele mpaka jirani akachungulia dirishani. Amekubaliwa! Sheria, Nairobi. Tukamkumbatia, dua ikasomwa hapo hapo uani, kila mtu anaongea kwa wakati mmoja, halafu dadangu akatoka na upawa mkononi akauliza ni chuo gani.

"Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki, mama. Kile cha Lang'ata."

Kimya.

"Kwani vyengine vyote vimejaa?"

Hakuna aliyejibu. Halafu macho yote yakanigeukia mimi, manake kwetu jambo la mtoto likishakuwa zito huulizwa mjomba, awe anajua asiwe anajua. Nikamwambia dadangu nipe muda, nitakujibu kwa kitu ninachokijua sio kwa kubahatisha, na tangu siku ile swali hilo halikuniacha, nikiwa kazini lipo, nikiwa kwenye mashua ya kuvukia bara, Mokowe, lipo, nikilala lipo.

## Wasiwasi wenyewe

Niseme wazi, hakuna mtu nyumbani aliyeogopa kwamba mtoto atabatizwa. Huyu binti amehitimu msahafu akiwa mdogo kabisa na kwa hoja anawashinda kakaze wote. Alichoogopa dadangu ni kitu kingine, na hakukitamka mara moja. Anaogopa mtoto atakuwa mgeni. Mgeni miaka minne, kwenye nyumba ya watu, na mgeni hata akikirimiwa vipi kuna vyumba haingii.

Mimi nimefanya kazi Malindi muda mrefu. Jirani zangu huko kulia na kushoto ni Wakatoliki, Idi tunapeleka sahani, Krismasi sahani inarudi na chapati juu. Lakini hilo haliwezi kuwa jibu la kumpa mama. Jirani mwema ni mtu mmoja na roho yake. Chuo ni taasisi, kina wenyewe, kina sheria zake, kina sababu iliyokifanya kijengwe, na jirani yangu wa Malindi hawezi kunidhaminia hayo yote.

Halafu kuna ile kesi ya hijabu, ambayo huku pwani mabarazani haijasahaulika. Ilihusu shule moja ya sekondari ya Isiolo iliyofadhiliwa na Kanisa la Methodist. Mwaka 2016 Mahakama ya Rufaa iliruhusu wasichana wavae hijabu, halafu Januari 2019 Mahakama ya Juu ikautengua uamuzi ule kwa sababu za utaratibu, yaani namna madai yale yalivyoletwa kortini, na hijabu yenyewe haikupatiwa jawabu la moja kwa moja. Ukiisoma hukumu utaliona hilo. Lakini mzazi aliyesikia habari redioni alisikia neno moja tu, mmeshindwa.

Kwa hiyo nikaanza mwanzo. Nyumba hii ilijengwa lini, na nani, kwa ajili ya nani?

## Waliochanga

Mwaka 1961, hata Tanganyika haijapata uhuru, maaskofu Wakatoliki wa sehemu hizi walikutana Dar es Salaam wakaunda chombo cha kufanya kazi pamoja. Miaka mitatu baadaye kikapewa jina ambalo kinalo mpaka leo, AMECEA, yaani muungano wa mabaraza ya maaskofu wa Afrika Mashariki. Kenya, Uganda, Tanzania, Malawi, Zambia, na baadaye Ethiopia, Sudan na wengine. Ukitazama ramani utaona ni eneo kubwa mno, na wakati ule nyingi za nchi hizo zilikuwa bado na bendera ya mkoloni.

Hapa ndipo niliposimama kwanza. Mimi nilidhani nitakuta chuo kilicholetwa kutoka Roma kikiwa kimefungwa kwenye sanduku, tayari tayari, kikatuliwa Lang'ata. Nilichokikuta ni watu waliochanga. Padri wa Kiafrika aliyetaka kusoma theolojia ya juu alikuwa anapelekwa Ulaya, Roma au Leuven, anakaa miaka huko, anarudi na maswali ya huko. Maaskofu wakataka elimu hiyo isomwe kwenye ardhi hii, na hakuna nchi moja kati ya hizo ambayo ingeweza peke yake, kwa hiyo wakafanya shirika.

Septemba 1984 masomo yakaanza. Na hebu sikiliza kilianza kama nini: taasisi ya juu ya theolojia. Hakukuwa na sheria wala biashara wala ualimu. Ni theolojia tupu, ya watu ambao tayari wameshasoma, wengi wao mapadri na watawa. Jina lake lilikuwa Taasisi ya Juu ya Kikatoliki ya Afrika Mashariki.

Kwa hiyo jibu la swali langu la kwanza ni hilo. Nyumba haikujengwa kwa ajili ya mpwa wangu. Ilijengwa kwa ajili ya mapadri.

Nilipomwambia dadangu hivyo kwa simu alinyamaza, halafu akasema, "Sasa si umeona?"

## Gaba

Kabla sijaendelea kuna kisa kimoja cha pembeni ambacho kimenikaa, nakiweka hapa hata kama hakimsaidii mtu kuamua kitu.

Hao maaskofu walikuwa na taasisi nyingine, ya kufundisha kazi za kichungaji, kule Gaba, kando ya Ziwa Victoria, Kampala. Halafu akaja Idi Amin. Mwaka 1976 taasisi ikafungasha ikavuka mpaka ikaja Eldoret, na jina halikuachwa nyuma, ikaendelea kuitwa Gaba kule kwenye baridi ya Uasin Gishu, mbali na lile ziwa. Baadaye ikaja kuwa kampasi ya chuo hiki hiki.

Wakati mwingine tunaongea juu ya vyuo kama kwamba vimeota mahali vilipo. Huyu ni mkimbizi. Kuna walimu waliobeba vitabu wakavuka mpaka nao, na nchi iliyowapokea ilikuwa hii yetu, na watu wa Lamu tunaojua visiwa vya Bajuni vilivyohamwa wakati wa vita vya shifta hatuhitaji kuelezwa kuhama kunafanya nini kwa mtu. Basi kisa hicho kilinifanya nikiangalie chuo hiki kwa jicho jingine. Sikusema jibu. Jicho tu.

## Mlango ulifunguka vipi

Mwaka 1986 ile taasisi ya theolojia ikaanza mazungumzo na Tume ya Elimu ya Juu, ambayo yenyewe ilikuwa changa, imezaliwa na sheria ya vyuo vikuu ya 1985. Mwaka 1989 wakapewa barua ya ruhusa ya muda. Hapo ndipo masomo ya sanaa na sayansi ya jamii yalipoanza kusimama pembeni ya theolojia. Tarehe 3 Novemba 1992 ikatoka hati kamili, watu huita chata, na taasisi ikawa Chuo Kikuu cha Kikatoliki cha Afrika Mashariki. Chuo Kikuu cha Baraton cha Waadventista kilikuwa kimetangulia mwaka mmoja tu, 1991. Baada ya hapo vikaja biashara, sayansi, elimu, na hiyo sheria anayoitaka mtoto wetu.

Ukitaka kuelewa kwa nini miaka hiyo na sio mingine, kumbuka hali ilivyokuwa. Mtaala wa 8-4-4 ulianza 1985. Kundi la kwanza lilimaliza kidato cha nne 1989, na hao wakagongana mlangoni na wale wa mwisho wa mfumo wa zamani wa kidato cha sita, makundi mawili, vyuo vya serikali vinne tu, Nairobi, Moi, Kenyatta na Egerton, migomo kila mara, chuo kinafungwa wanafunzi wanarudishwa nyumbani hawajui watarudi lini. Mzazi wa wakati ule anayaelewa haya bila kuhadithiwa. Nchi ilikuwa na kiu, na maaskofu walikuwa na kisima.

Lakini walikuwa na hiari. Hili ndilo nililolitafakari sana. Wangeweza kukiacha kisima kiwe cha mapadri mpaka leo na hakuna ambaye angewalaumu. Seminari zipo tele hazifundishi uhasibu. Wao walichagua kuwafungulia walei, yaani waumini wa kawaida wasio mapadri wala watawa, halafu wasiokuwa Wakatoliki, na kila hatua ilikuwa na kazi, kwenda kwa tume, kukaguliwa, kungoja. Kutoka 1984 mpaka 1992 ni miaka minane ya kufungua mlango mmoja. Mtu ambaye hataki wageni hajisumbui hivyo.

## Agosti 18, Agosti 19

Halafu nikakuta tarehe mbili ambazo zilinifanya niinuke kitini.

Taasisi ile ilifunguliwa rasmi na Papa Yohane Paulo wa Pili mwenyewe, tarehe 18 Agosti 1985. Alikuwa Nairobi kwa Kongamano la Ekaristi la Kimataifa, la 43, la kwanza kufanyika katika Afrika iliyo huku kusini mwa Sahara, Uhuru Park ilifurika. Watu wazima wa Malindi waliosafiri siku ile wanaikumbuka mpaka leo, jirani yangu mmoja anayo picha ukutani. Hadi hapo sawa, ni jambo la Wakatoliki na la fahari yao.

Kesho yake, tarehe 19 Agosti, Papa huyo huyo alipanda ndege akaenda Casablanca, Morocco. Mfalme Hassan wa Pili alimwalika. Uwanja wa michezo ulijaa makumi ya maelfu ya vijana, Waislamu watupu, na yeye akasimama mbele yao akawaambia kwamba sisi na nyinyi tunamwamini Mungu mmoja, Mungu aliye hai.

Usiku mmoja tu katikati!

Siku moja anafungua chuo Lang'ata, ya pili anaongea na vijana wa Kiislamu Casablanca. Sidai kwamba alipanga mambo hayo mawili yasomwe pamoja. Ziara ilikuwa ndefu, alianzia Togo, akapita nchi kadhaa, ratiba ni ratiba. Lakini nimeyasoma pamoja mimi, na nilimtumia mpwa wangu kwenye WhatsApp hizo tarehe mbili bila maelezo. Akarudisha: "Mjomba, hii ni kweli?" Nikamwambia ni kweli.

## Waraka wa 1990

Hapa ningeweza kusimama nikampigia dadangu simu na habari njema. Ila niliahidi kujibu kwa ninachokijua, na nilikuwa sijamaliza.

Tarehe 15 Agosti 1990, chuo kikiwa bado na ile ruhusa ya muda, Papa huyo huyo alitoa katiba ya kitume inayoitwa Ex corde Ecclesiae, yaani Kutoka Moyoni mwa Kanisa, nayo ndiyo inayoongoza vyuo vikuu vya Kikatoliki dunia nzima. Niliisoma yote. Ni waraka mzito na mzuri, unaongelea utafiti, ukweli, masikini, utamaduni, na kuna sehemu inasema wazi kwamba uhuru wa dhamiri ya kila mtu lazima uheshimiwe kikamilifu. Hapo nikapumua.

Kisha ukaja ukurasa mwingine. Walimu wasiokuwa Wakatoliki wasiruhusiwe kuwa wengi kuliko Wakatoliki, ili sura ya chuo isipotee. Na kila mmoja aliyemo ndani, mwalimu na mwanafunzi, wa dini yoyote au asiye na dini, anatakiwa aitambue na aiheshimu hiyo sura ya Kikatoliki.

Hili lilinikwama kooni. Nililiangalia kwa njia mbili. Njia ya kwanza ni ya dadangu: unaona, kuna vyumba mgeni haingii, na hapa wameviandika. Mpwa wangu akisoma, akafika mbali, akataka kufundisha hapo, atahesabiwa kwenye upande ambao hautakiwi uwe mkubwa. Hilo ni kweli na silifuniki.

Njia ya pili ilikuja pole pole. Nimefanya kazi kwenye ofisi ambazo zinasema hazina dini wala kabila, na ndani yake nimekuta vyumba vingi zaidi vilivyofungwa, tofauti yake ni kwamba hakuna aliyeviandika, unavigundua kwa kugonga kichwa. Hawa wamesema sisi ni nani, tunaamini nini, mwisho wetu ni huu, dhamiri yako hatuigusi, karibu. Unajua unaingia kwa nani. Na kwa mtoto anayekwenda kusoma sheria, nyumba ambayo masharti yake yameandikwa ni nyumba ambayo anaweza kuisomea masharti, akayabishia, akayalinganisha na Katiba ya 2010, kifungu cha 32, kinachosema mtu asinyimwe nafasi katika taasisi kwa ajili ya imani yake na asilazimishwe kufanya jambo lililo kinyume na imani hiyo.

Sijui wengine wataona vipi. Mimi naipendelea nyumba iliyoandika.

## Garissa

Nilipomaliza kumwelezea yote haya, uso kwa uso sasa, Lamu, baada ya isha, dadangu alisikiliza mpaka mwisho. Halafu akasema lile ambalo kumbe ndilo lililokuwa chini ya mengine yote.

"Na Garissa?"

Tarehe 2 Aprili 2015, alfajiri, al-Shabaab waliingia Chuo Kikuu cha Garissa. Watu 148 waliuawa, karibu wote wanafunzi, na walioua walikuwa wanatenganisha kwa dini. Mwaka mmoja kabla yake lilikuwa shambulio la Mpeketoni, hapa hapa kaunti yetu, Juni 2014, watu wanaulizwa maswali yale yale. Dadangu alikuwa na rafiki yake sokoni, mwanamke wa Mpeketoni, ambaye baada ya hapo hakurudi tena.

"Atakaa darasani na buibui lake," akasema, "na benchi ya pili kuna mtoto ambaye nduguye alikufa Garissa. Huyo mtoto atamuonaje mwanangu? Na mimi nitamlaumu vipi?"

Hakuna waraka wa kujibu hilo. Nilimkumbusha El Wak, Desemba ya mwaka ule ule wa 2015, basi la Mandera lilipotekwa na abiria Waislamu wakakataa kutengwa na wenzao Wakristo, wakawavika vitambaa vyao, na Mwalimu Salah Farah aliyepigwa risasi siku ile akafariki Januari. Akatikisa kichwa, anajua. Hajasema hakuna wema. Anasema mwanawe ni mmoja.

Mtoto alikuwa amekaa ngazini muda wote tunaongea, hakuna aliyemwona. Akasema, kwa sauti ya kawaida tu, "Huyo wa benchi ya pili ndiye nataka kukaa naye mama. Nikienda chuo ambacho hayupo, tutaonana wapi?"

Dadangu alilia. Na mimi pia.

Hiyo ndiyo iliyoamua, nasema ukweli, sio tarehe zangu. Siku iliyofuata dadangu aliniomba nipige simu chuoni niulize mambo ya mwenye nyumba na mgeni: anaswali wapi, mwezi wa Ramadhani daku inakuwaje hosteli, Ijumaa ina vipindi saa ngapi, kuna somo la dini la lazima na linafundishwa vipi. Maswali mazuri. Nawashauri wazazi wa pwani muyaulize kabla ya kulipa karo, popote mtoto anapokwenda, hata chuo cha serikali.

## Mtu wa Malindi, 1542

Kuna kitu wanafunzi wetu hawafundishwi na kinanisikitisha. Mazungumzo haya ya Mwislamu na Mkatoliki kwenye pwani hii hayakuanza juzi. Kila mtu anajua Vasco da Gama na 1498 na ule mnara wa Malindi ambao watalii wanapiga nao picha. Wachache wanajua kwamba mwaka 1542 alipita Malindi Francis Xavier, akielekea Goa, na huyu hakuwa baharia, alikuwa msomi wa Chuo Kikuu cha Paris, ameshafundisha falsafa huko, mmoja wa wale saba wa mwanzo waliokuja kuwa shirika la watawa la Wajesuti. Alimzika hapo mmoja wa wasafiri wenzake. Na kwenye barua yake anasimulia kwamba Mwislamu mmoja mwenye heshima pale mjini alimfuata kumuuliza kama Wakristo bado wanakwenda makanisani kwa bidii, kwa sababu yeye alikuwa anahuzunika, Malindi ina misikiti kumi na saba na inayoswaliwa ni mitatu tu.

Nafikiria watu hao wawili kila nikipita karibu na kile kikanisa kidogo cha Wareno chenye paa la makuti. Mmoja anamuuliza mwenzake, kwenu imani iko hai? Hakuna mtu yeyote aliyeificha dini yake hapo. Wakatoliki wa Malindi leo wana jimbo lao, tangu mwaka 2000, linafika mpaka Tana River na Lamu, na maaskofu wao wawili wa mwanzo walikuwa watawa wa shirika la Wakapuchini kutoka Malta. Lakini ukitafuta chuo kikuu cha Kikatoliki unapanda basi kwenda Lang'ata.

Na chuo kikuu cha Kiislamu je?

## Swali la mpwa wangu

Aliniuliza yeye, tukiwa tunajaza fomu. "Mjomba, binti wa Kikatoliki wa Mpeketoni akitaka kuja kusoma kwetu, atakuja wapi?"

Nilianza na Mbale. Chuo Kikuu cha Kiislamu cha Uganda kimekuwepo tangu 1988, kinapokea wasiokuwa Waislamu, na kimetoa wahitimu Wakristo wengi tu. Nikamtajia cha Waislamu cha Morogoro. Nikamtajia cha Kajiado. Akasubiri nimalize.

"Nimesema kwetu."

Kwetu ni Lamu. Na Lamu, Habib Swaleh bin Alwy, mtu wa Ngazija aliyekuja hapa akiwa kijana, alijenga msikiti na chuo cha dini cha Riyadha karibu na mwaka 1900, huku upande wetu wa chini, sio kule Mkomani kwa wakubwa. Aliwafundisha watu ambao wakubwa wa mji hawakutaka wafundishwe, watu wa mashamba, waliotoka utumwani, wageni wasio na ukoo. Alipingwa sana na watu wenye majina. Hakufunga mlango. Alipofariki miaka ya 1930 wanafunzi wake walikuwa wametapakaa pwani nzima, na mpaka leo vijana wanakuja kutoka Tanzania, Uganda, Kongo na Komoro kukaa Langoni wasome dini. Sisi tuliozaliwa mitaa hii tumewaona wageni hao maisha yetu yote, wanakula kwetu, wanaoa kwetu, tunawaona ni jambo la kawaida kama maji kujaa na kupwa.

Kwa hiyo kupokea tunajua. Tumefanya zaidi ya miaka mia. Ila tumepokea kwa elimu moja, kama maaskofu walivyokuwa 1984, na kuanzia hapo hatukuongeza. Mtoto wa Lamu akitaka sheria, udaktari, uhandisi, anavuka Mokowe, anapanda basi la Garsen, na sisi tunabaki kubishana kama anakokwenda kunafaa. Chuo Kikuu cha Pwani kule Kilifi kipo, tunashukuru, ni cha serikali na kina hati yake tangu 2013. Lakini kitu kilichotoka kwenye elimu yetu wenyewe, kikamfungulia mlango huyo binti wa Mpeketoni bila kumuuliza swali lolote isipokuwa alama zake, hatuna. Naumia nikisema hivyo kwa sababu naipenda Lamu na najua ina wenye ilimu wa kutosha, na ina wakfu, na ina jina.

Nimelipeleka hili barazani. Wa kwanza alisema pesa. Wa pili akasema serikali haitatuachia. Wa tatu akasema, na hili nalichukulia kwa uzito, kwamba ukifungua mlango sana nyumba inakuwa sio yako tena. Nikawahadithia hao maaskofu: nchi masikini, wakachanga, wakaanza na somo moja, wakafungua kidogo kidogo, na mpaka leo ukifika pale langoni hakuna anayekosea ni nyumba ya nani. Mzee mmoja, ambaye huwa haongei sana, akaniambia niiandike hiyo miaka yao yote kwenye karatasi, ni lini walikutana, lini walianza kusomesha, lini walipata ruhusa, na nije nayo Ijumaa baada ya swala, kuna watu wawili watatu wa wakfu anataka wakae waisikie.

Mpwa wangu anaondoka kabla ya hapo. Karatasi ameiandika yeye.